Siku Bibi Restuta Alipofungua Kinywa Mbele ya Foleni

Bibi Restuta hajui kusoma, lakini akishika kahawa kiganjani anakwambia imeanikwa siku ngapi. Hapa Iyula watu humletea aitazame kabla hawajaipeleka kuuza. Ni mama yake mama yangu. Nimekaa kwake tangu nilipoacha shule darasa la nne, na kitu pekee nilichoona kinamtisha ni kifua cha Lusubilo.

Lusubilo ni mtoto wa mama mdogo Nesta. Mwaka 2011 alikuwa na miaka miwili na pumu. Ikimshika, mbavu zinaingia ndani, pumzi inalia kama kifaranga aliyefunikwa na kapu.

Bibi ndiye alikuwa anamlisha. Kande ni ngumu kwa mtoto, basi anazitafuna mwenyewe mpaka zinalainika, anazitoa mdomoni anampa. Pua ikiziba, anaifyonza kwa mdomo, anatema pembeni. Ndivyo alivyolea watoto wake saba. Karibu wanawake wote wa kwetu wanafanya hivyo, na wote wanajua kwamba kliniki husemi. Manesi wanagomba.

Mwezi wa saba kifua kilimbana mara tatu katika wiki mbili. Tukaenda kituo cha afya. Tabibu, kijana mmoja anaitwa Damiano, alimpa mtoto dawa ya kuvuta mpaka akatulia. Halafu akauliza maswali. Moshi jikoni? Upo. Vumbi la kahawa? Lipo.

"Kuna mtu anamtafunia chakula?"

"Hakuna," mama mdogo Nesta akajibu haraka.

Mlango ulikuwa wazi, na foleni ya akina mama nje imetulia kusikiliza. Bibi akawatazama, akamtazama mtoto.

"Ni mimi," akasema. "Na pua namfyonza."

"Mama!" Nesta akamkanyaga mguu.

"Usinikanyage. Atatibiwaje kwa uongo?"

Huko nje mtu akacheka. Damiano hakucheka wala hakugomba. Akachukua tochi. "Bibi, shikamoo tena. Hebu fungua kinywa."

Akafungua, foleni yote inaona. Meno matano yalikuwa yamebaki mizizi, fizi zinatoa usaha.

"Bibi, humu umefuga!"

"Nimefuga nini?"

"Wadudu. Kila kinywa kina wadudu, na si wote wabaya. Wataalamu wanasema wapo wanaomzoeza mtoto asiwe mtu wa mzio. Lakini hawa wa usaha wanaweza kushuka kifuani, na kifua chake tayari kina shida."

"Kwa hiyo pumu nimempa mimi?"

Aliuliza kwa sauti ndogo sana. Sijawahi kumsikia hivyo.

"Sijui, bibi. Siwezi kusema hivyo, hata wakubwa wetu bado wanachunguza. Ninachojua ni kwamba usimtafunie tena, na hayo meno yatoke."

Njiani Nesta alinuna. Nyumbani babu Zabron, shemeji yake Bibi, akamchokoza: "Wakiyang'oa, mahindi ya kuchoma utayaramba?"

"Nitayaramba. Wewe una meno yote na huna la maana unalotafuna."

Bibi alikwenda hospitali ya Vwawa mara mbili kung'olewa meno. Mara ya kwanza matatu, ya pili mawili. Mimi nilimshikia kanga. Ganzi haikushika vizuri kwenye jino la mwisho, lakini hakupiga kelele, alikuwa anakanyaga sakafu tu kwa kisigino. Tukiwa kwenye gari la kurudi, shavu limevimba, akaniuliza kama mtoto amekula.

Tangu hapo kande za Lusubilo akawa anazitwanga kwenye kinu kidogo. Jiko akalihamishia nje, mtoto akawa haendi tena kwenye mashine ya kukoboa kahawa, kwenye vumbi, na dawa yake anavuta kama alivyoelekezwa. Pumu haikuisha. Lakini msimu uliofuata ilimshika mara moja tu.

Bibi akamwuliza Damiano, "Ni meno?"

"Labda meno, labda moshi, labda dawa, labda amekua. Siwezi kukudanganya."

"Basi sawa," Bibi akasema. "Yote tutaendelea nayo."

Akamfunga Lusubilo mgongoni. Mtoto alikuwa amelala, na kutoka pale nilipokuwa natembea nyuma yao sikusikia pumzi yake ikilia hata kidogo.