Pikapu Iliyosimama kwa Kahawa

Watu wote walioniambia kwamba injini ya pikapu yetu imekufa walisema hivyo wakiwa wamesimama wima. Hakuna aliyepiga goti, hakuna aliyefungua kifuniko cha rejeta, hakuna aliyegusa bomba. Kaka yangu alisema huku akichezea funguo za gari lake. Jirani alisema kutoka juu ya ukuta wake. Fundi wa kule sanaiya, kwenye mtaa wa magereji, alisema hedi, kile kichwa cha juu cha injini, imepinda kabla sijamaliza kumweleza, akaniambia nitafute injini nyingine. Nikairudisha nyumbani Al Khoudh, kwenye viunga vya Maskati, Omani, nikaiegesha chini ya turubai, nikajiambia kwamba mpaka nione kwa macho yangu, haijafa.

Ni pikapu ya dizeli, kuukuu. Marehemu baba aliinunua ikiwa imekwisha tumika na watu wengine, na alipofariki niliishika mimi kwa sababu ndimi niliyeshika shamba. Shamba letu liko Qurayyat, ng'ambo ya milima. Nalima muhogo kwa ajili ya kisamvu na mizizi yake, mchicha, bamia, na migomba kidogo. Wanunuzi wangu ni nyumba kama yetu, zinazopika Kiunguja na kupokea wageni kwa Kiarabu. Napeleka samadi, narudi na mboga. Bila gari la mzigo, shamba lile ni uwanja wa majani tu.

Barabara ya tambarare haikuisumbua pikapu kamwe. Taabu ilikuwa milima ya njia ya Qurayyat. Ikipanda na mzigo, mshale wa joto ulipanda upesi kuliko gari lenyewe, na kabla ya kona ya mwisho mvuke ulikuwa ukitoka ubavuni mwa boneti.

Kaka alileta habari yake siku ya Ijumaa, tukiwa kwenye sinia la wali nyumbani kwa mama, ambako ndiko ninakoishi.

"Nimepata mtu wa shamba," alisema. "Atalima majani ya mifugo. Ijumaa ijayo anakuja kuliona."

"Shamba lina mkulima."

"Lina mkulima asiyefika."

"Nitafika."

"Kwa lipi, dada? Kwa sikrabu ile?"

Nilimtazama mama, nikitumaini msaada. Yeye alikuwa akichambua samaki. "Mie nnakwambia kweli, mwanangu," alisema. "Mwanamke mtu mzima, umelala chini ya gari, watu wanaona miguu tu. Juzi jirani kaniuliza kama kuna mtu kagongwa."

Kaka alicheka mpaka akapaliwa. Nikamngoja amalize kukohoa.

"Nipe sharti," nikamwambia.

"Kamari haramu."

"Si kamari. Sema gari lifanye nini ndiyo uniachie shamba."

Akafikiri, akaona limekaa vizuri kwake. "Lipande mlima na samadi, jua la mchana, bila kusimama. Likifika juu halijachemka, sitalitaja tena shamba. Likichemka, huyo mtu nampa funguo za lango, khalas."

"Na mie ntakuwemo garini," mama akasema. "Nishuhudie."

Neno "bila kusimama" kaka hakulichagua ovyo. Katika safari zote za utoto wetu, baba alisimama kwenye uwazi wa kokoto kabla ya kona ile ya mwisho. Alifungua boneti, akatandika mkeka upande wa kivuli, mama akamimina kahawa, sisi tukala tende na kashata. "Gari nalo lina roho," baba alituambia. "Lipumzike." Tulipapenda pale kuliko shamba lenyewe. Hatukuuliza kwa nini gari halikuhitaji kupumzika mahali pengine popote.

Sikusomea ufundi. Baada ya sekondari sikusomea chochote. Nilichonacho ni tabia ya kusoma ukurasa mpaka niuelewe, na kutogusa kitu cha pili kabla sijamaliza cha kwanza. Nilianza na yale yanayotisha. Nikachomoa kijiti cha oili: safi, haina weupe wa maji. Nikafungua rejeta injini ikiwa baridi, nikaiwasha, nikatazama: hakuna mapovu. Basi hedi haikupinda, na maneno ya sanaiya nikayaweka kando. Nikaisafisha rejeta ndani na nje. Feni ilikuwa ikivuta vizuri. Pampu ya maji ilikuwa ikisukuma.

Ndipo nikapakia mifuko ya mchanga, nikaipandisha na kuishusha pikapu kwenye mwinuko ulio nyuma ya mtaa wetu mpaka mshale ukaanza kupanda. Nikasimama, nikafungua boneti, nikavaa glovu na kushika bomba moja moja. Bomba fupi linalorudisha maji ndani ya injini bila kuyapitisha kwenye rejeta lilikuwa la moto usioshikika. Sehemu ya chini ya rejeta ilikuwa vuguvugu. Nikakaa juu ya tairi la akiba kulitafakari jambo hilo. Injini ilikuwa ikiungua, na rejeta, ambayo kazi yake ni kupoza, ilikuwa karibu haina kazi.

Nyumbani nilifungua kikombe cha chuma inamokaa thamostati, kidude kinachoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata moto. Kikombe kilikuwa kitupu.

Mama alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. "Unatafuta nini humo?"

Nikamweleza.

"Hicho? Baba yako alikitoa mwaka ule ule alioleta gari. Akasema hicho cha nchi za baridi. Kila mwenye gari Maskati alikuwa akikitoa."

"Katika injini hii hakitolewi, mama. Kinafanya kazi mbili. Kikifungua njia ya rejeta, upande wa pili kinaziba ile njia fupi. Kisipokuwepo, njia zote mbili ziko wazi, na maji yanafuata iliyo nyepesi. Yanarudi kwenye moto bila kupoa."

Akaacha mchele. "Baba yako hakujua?"

"Alijua mengi. Hili hakulijua."

"Astaghfirullah. Mtu yuko kaburini, mwanawe anamkosoa kwa spana."

Nilimpenda baba, lakini gari halichemki kwa dharau wala halipoi kwa heshima. Siku iliyofuata nikaenda duka la vipuri. Muuzaji akanionyesha jua la nje na kuuliza kidude hiki cha nini kwenye joto hili. Nikamwambia ni kwa ajili ya joto hili hili.

Sikukifunga kabla ya kukijaribu. Nilichemsha maji jikoni, nikakitumbukiza kikiwa kinaning'inia kwenye uzi pamoja na kipimajoto, nikatazama mpaka kikafunguka polepole pale kinapotakiwa.

"Sufuria yangu ya maziwa!" mama akapiga kelele.

"Nitaiosha."

"Utaninunulia nyengine!"

Nikakifunga na gasketi mpya, nikaiegesha pikapu pua juu ili hewa itoke, nikajaza maji ya rejeta mpaka mapovu yakaisha.

Tulitoka baada ya adhuhuri, Ijumaa ya yule mtu haijafika. Samadi nyuma, mama pembeni yangu na chupa ya kahawa mapajani, kaka nyuma yetu kwenye gari lake lenye ubaridi. Niliacha madirisha wazi. Barabara ilipoanza kuinuka nilipunguza gia, nikaweka macho kwenye njia na kwenye mshale, kwa zamu. Mshale ukapanda mpaka katikati. Nikangoja uendelee, kama ulivyokuwa ukifanya siku zote. Ukabaki pale pale.

Tukaufikia uwazi ule wa kokoto, kabla ya kona ya mwisho.

"Simama," mama akasema.

"Bado."

"Simama tunywe kahawa. Baba yako hakuwahi kupapita hapa hivi hivi."

"Mimi napapita."

"Una kichwa kigumu, wee!"

"Nikisimama hapa, shamba limekwenda."

Uwazi ukapita upande wake wa dirisha, naye akaugeuzia shingo mpaka ukapotea. Niliona vibaya, lakini mguu sikuuondoa. Pikapu ikanguruma, ikakata kona, ikatoka juu, mahali ambapo upepo unapiga uso na milima yote iko chini. Hapo ndipo nilipoiweka pembeni. Sikuzima injini. Sikufungua boneti.

Mama akamimina kikombe cha kwanza, akanipa mimi.

"Unadhani nlikuwa sijui kama linachemka?" alisema. "Mvuke nkiuona. Baba yako alikuwa akiona haya kusema gari limemshinda mbele ya watoto. Akasema kahawa. Nami nkamimina kahawa."

Kaka akafika, akashuka, akaja moja kwa moja kwenye boneti na kuibandika kiganja. Akakiondoa upesi. "Mbona moto hivi!"

"Hilo ni jua," nikamwambia. "Hilo sijalitengeneza."

Akaingiza kichwa dirishani kwangu, akautazama mshale. Akautazama tena, kama mtu anayetafuta kosa kwenye saa ya mwenziwe. Mama akamnyooshea kikombe.

"Basi," alisema kaka. "Yule mtu nitampigia simu kesho."

"Mpigie sasa."

"Dada, tuko mlimani."

"Simu inashika. Nimeangalia."

Akamtazama mama. Mama alikuwa akitazama milima. Kaka akatoa simu, akasogea kando kidogo, akaanza kwa salamu ndefu za Kiarabu, kikombe cha kahawa kikiwa mkono wa pili. Mimi niliendelea kukaa kwenye usukani, injini ikinguruma, mpaka nikasikia kwa masikio yangu akisema kwamba shamba lina mwenyewe.