Unga wa Mama na Hoteli za Geita

Mwaka jana nilizunguka Geita mjini asubuhi nzima nikiwa na mfuko wa unga kwapani, nikakataliwa kwenye hoteli nne. Sitii chumvi, rafiki yangu. Ya kwanza walinicheka. Ya pili walinionyesha kibao kilichoandikwa kwamba chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi. Ya tatu mhudumu aliniuliza kama huo unga nauza, na ya nne sipendi hata kuikumbuka. Na huu ndio mji ambao utotoni niliujua kwa jambo moja tu: mtu alikuja na unga wake, akaondoka ameshiba.

Ngoja nikueleze, maana nimechoka kukasirika peke yangu.

Mama alikuwa amelazwa. Nilitoka Dodoma kwa basi, nikamkuta amekonda, ila ukaidi wake haujapungua hata kidogo. Ilikuwa siku ya tatu hajala. Nilimnunulia wali, akautazama kama mtu anayetazama mvua ya mbali. Nikaleta supu ya kuku, ikarudi yote. Nikaleta chipsi, Mungu anisamehe, kwa sababu ndizo zilizokuwa zinauzwa kila kona. Akaniuliza hivyo vijiti ni vya nini. Muuguzi akaniita pembeni. Dawa za mama ni kali, alisema, haziwezi kuingia kwenye tumbo tupu, na asipokula siku hiyo itabidi wazisimamishe.

Niliporudi kitandani mama akanishika mkono. "Si kwamba sitaki kula," alisema. "Nataka ugali wangu. Unga uko hapo chini."

Nikainama, kweli upo. Kilo mbili hivi za unga wa mtama kwenye mfuko wa kitambaa, umefungwa kwa kamba ya katani. Mtu anachukuliwa kwenda hospitali hali ni mbaya, hana kandambili wala kadi ya bima, lakini unga anao.

Inabidi umjue mama ili umwelewe. Baba alituhamisha kutoka Didia, kule Shinyanga, nikiwa bado nabebwa mgongoni, akifuata mvua na mashamba ya huku Geita kama walivyofanya Wasukuma wengi na ng'ombe wao. Huku majirani walikula udaga, ugali wa muhogo, mweupe unaonata vidoleni. Mama hakuupenda kamwe. Kila baada ya mavuno mjomba wangu wa Didia alituletea gunia la mtama, na sisi tukala ugali mwekundu katikati ya watu wa ugali mweupe. "Huo wenu hauna habari," mama alikuwa akiwatania majirani, nao wakimjibu kwamba wake una udongo.

Sasa, pa kuupika? Jiko la ndugu wa wagonjwa lilikuwa limefungwa, mafundi wanalitengeneza. Kwa dada yangu kijijini ni mbali, kwenda na kurudi siku inakwisha. Gesti niliyofikia walikuwa wamebandika mlangoni onyo la kutopika chumbani, na mwenye gesti alikuwa na pua ya paka. Lakini sikuwa na wasiwasi. Nilijiambia, hii si Geita? Nilikuwa namfikiria mama wa hoteli.

Hoteli yake ilikuwa nyuma ya soko. Usifikirie hoteli yenye vitanda. Ilikuwa ni kuta za udongo, bati lenye kutu, mabenchi mawili na sufuria tatu. Mimi na mama tulifika pale kila tulipoleta karanga sokoni. Tulikuwa tunatoka nyumbani alfajiri kwa miguu, yeye na gunia lake la karanga kichwani, mimi na kifurushi changu cha unga, maana kubeba unga ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kwa mama yule utaratibu ulikuwa mmoja: unga ulikuja nao wewe, moto na mboga ni vyake. Ulilipia mboga tu.

Alikuwa akifungua vifurushi kimoja kimoja. Alichota kidogo, akanusa, akaweka ulimini, kisha akatangaza mwenye unga ametoka wapi. "Huu wa Shinyanga huu, una jua. Huu wa Sengerema. Na wewe, huu umeukopa kwa jirani, wa kwako ninaujua." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Halafu alifanya jambo lililowashtua wageni. Alimimina unga wote katika sufuria moja. Mtama wetu, udaga wa Wazinza, mahindi ya wachimbaji waliokuja kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na udongo mwekundu masikioni, vyote pamoja, akausonga kwa mwiko mrefu huku jasho likimtoka. Ndiyo maana ugali wake haukuwa na rangi moja. Kuna siku ulitoka wa kijivu, siku nyingine kama chai ya maziwa. Aliyelalamika alijibiwa kwamba tumboni hakuna kabila, akapewa maji ya kunawa.

Tulinawa kwa kufuata umri, wazee kwanza. Tulikula kwenye sinia moja na watu tusiowajua, tukichovya kwenye mlenda wa karanga au nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa ambayo mpaka leo nikisikia harufu yake mate yananitoka. Mfanyabiashara mmoja wa nguo, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya pwani, hakuwa na shamba, basi yeye alileta ndimu na pilipili. Hizo nazo zilihesabiwa kuwa unga. Hata mama yangu, ambaye nyumbani hakugusa ugali mweupe, pale alikula na kulamba vidole, na nilipomuuliza aliniambia nisiseme huku nakula.

Lakini kuna siku moja siipendi.

Nilikuwa darasa la tano. Binti wa mwenye duka, tuliyekuwa tunasoma naye, alinisimulia kwamba baba yake humpeleka kula wali katika hoteli yenye vioo, pale barabarani. Mezani kuna maua ya plastiki. Alinicheka kwa sababu aliwahi kuniona nikipita na kifurushi changu kichwani. Wiki nzima wali ule uliniwasha. Ilipofika siku ya soko niliuchukua unga alioufunga mama, nikauficha nyuma ya mtungi wa maji, nikabeba kapu lililojaa magunzi ili mama adhani unga umo. Tulipofika mjini nikajishika kichwa, nikasema nimesahau.

Mama wa hoteli asingetunyima. Hakuna aliyenyimwa pale. Lakini mama yangu alikataa hata kukaribia. Kwake yeye, mwanamke mwenye shamba hawezi kutia mkono katika sinia la unga wa wenzake kama mtu asiye na jembe. Alisimama kidogo sokoni, akafikiri, kisha akanipeleka kwenye hoteli yenye vioo. Akaagiza sahani moja. Akasema yeye tumbo limejaa gesi. Alikaa mbele yangu akinywa maji, anatazama yale maua ya plastiki, nami nikala mpaka punje ya mwisho. Tukarudi nyumbani kwa miguu, yeye akiwa na njaa, na hakuniuliza neno.

Basi ndiyo hiyo Geita niliyoibeba kichwani nilipotoka wodini na mfuko wangu. Nyuma ya soko nikakuta ghorofa la maduka ya simu. Nikauliza, watu wakanitazama. Mama wa hoteli? Alishafariki zamani, akasema mzee mmoja wa viatu, na watoto wake wako Mwanza. Nikaanza kuingia popote palipotoa moshi. Na hapo ndipo nilipoujua mji huu wa leo, maana kila mlango picha kubwa za vyakula, kila meza karatasi yenye orodha ndefu, na ukitaja chochote kilicho kwenye orodha unaambiwa kimekwisha. Kilichopo ni chipsi na kuku, kwa bei ya watu waliookota dhahabu jana. Niliwaeleza vizuri kabisa kwamba nitalipa, mboga nitalipa, moto nitalipa, mgonjwa wangu anangoja. Msichana mmoja akaniambia, "Dada, hapa tunauza chakula, hatupiki." Nikatoka nje nikasimama juani nikicheka kwa hasira, maana sikujua nifanye nini kingine.

Ile ya nne, nisiyopenda kuikumbuka, meneja alinisukuma begani. Taratibu, lakini alinisukuma. Nilikuwa nimefika nje, machozi yako karibu, nikasikia mtu ananiita. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono ina povu la sabuni. Ndiye aliyekuwa anaosha vyombo uani kwao.

"Mwadila, mayu," akanisalimu Kisukuma, kisha akaendelea kwa Kiswahili. "Nimesikia. Huo unga ni wa mtama?"

"Wa Didia," nikasema.

"Humu ndani hutapata. Panda pikipiki, mwambie akupeleke mwaloni, kwa akina mama wanaoponda mawe. Wao saa saba wanapika."

Mwaloni ndipo mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu. Niliwakuta akina mama kama tisa chini ya turubai, mbali kidogo na matope, nyundo zimewekwa chini, vumbi limewageuza nywele kuwa za bibi. Sufuria ilikuwa kwenye mafiga, maji yanachemka. Nikaamkia shikamoo, wakubwa wakaitikia marahaba, nikaanza maelezo yangu marefu niliyoyazoea: mgonjwa, dawa, nitalipa. Aliyeshika mwiko hakuningoja nimalize. Alichukua mfuko, akafungua, akachota unga kidogo, akanusa.

"Huu una jua," akasema.

Nikakaa juu ya jiwe. Kabla sijasema kwamba mgonjwa anautaka bila kuchanganywa, alikwishamimina nusu ya mfuko juu ya unga wao wa mahindi. Nikapiga kelele. Akaendelea kusonga. "Mgonjwa wako atakula na sisi," akasema. "Na wewe nawa mikono." Walinijazia bakuli la bati, ugali na mlenda, wakalifunga kwa kanga. Nilipotoa pesa waliniambia kesho nije na chumvi, imewaishia.

Wodini nilifungua lile bakuli nikijiandaa kugombezwa. Mama alinusa. Alimega, akazungusha tonge muda mrefu kuliko kawaida, akatia mdomoni. "Mmechanganya," akasema. Nikaanza kujitetea. Akaniambia nisiseme huku yeye anakula. Alikula matonge saba, niliyahesabu mwenyewe, na muuguzi akaleta dawa akitabasamu.

Siku ya pili nilipeleka chumvi, wakanipikia tena. Siku ya tatu, mama akikaribia kuruhusiwa, nilirudi na bakuli lao nimelisugua linang'aa, ndani nimeweka sukari na majani ya chai. Nilikuta uzio wa mabati. Turubai halipo, mafiga hayapo, mlinzi amekaa kwenye kiti cha plastiki. Eneo limepata mwenyewe, akasema. Akina mama wamekwenda wapi? Hajui. Nikamuuliza mara ya pili kana kwamba ameficha yeye.

Nilirudi wodini nawaka. Nilimlalamikia mama yote, kuanzia mwanzo. Kwamba mji umeharibika. Kwamba watu wamekuwa na roho mbaya, wanakuuzia picha za chakula. Kwamba hoteli kama ile ya nyuma ya soko haiwezi kufa hivihivi, lazima kuna walioiua, na ningewajua ningewaambia. Mama alikuwa anakunja kanga zake polepole, tayari kwa kurudi nyumbani. Aliniacha nimalize.

"Unalalamika sana, mwanangu," akasema, "kwa mtu aliyeficha unga nyuma ya mtungi."

Miaka arobaini na kitu, na mimi nilidhani siri hiyo ninayo peke yangu.

"Niliukuta jioni ileile," akasema. "Nikausonga, nikala, nikalala." Akafunga fundo la mwisho, akalipigapiga kama afanyavyo. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, kama anayeuliza habari za mtu wa zamani: "Hivi ule wali, ulikuwa mtamu?"

Nikalitazama bakuli la watu mapajani mwangu, ambalo mpaka leo ninalo na sijui nilirudishe wapi.

"Ulikuwa mtamu, mama," nikamwambia. "Ulikuwa mtamu sana."