Mkalimani wa Mchekeshaji

Juzi nilipita Igogo, nikasimama mbele ya iliyokuwa nyumba ya jirani yetu. Siku hizi wanauza mabati pale. Nilitaka kumwambia kijana wa dukani kwamba palepale alipopanga misumari ndipo nilipokuwa mtu mashuhuri, nikaona ataniuliza ninanunua nini.

Miaka ile vitu vya nje vilianza kumiminika Mwanza, na jirani, aliyefanya kazi kiwanda cha minofu ya samaki, akanunua televisheni na deki. Kanda alikuwa nayo moja tu, aliyoletewa na shemeji yake kutoka ng'ambo: kipindi cha zamani cha Kimarekani, chenye vichekesho, nyimbo na michezo mifupi. Mwenye kipindi alikuwa mtu mweusi. Nikwambie ukweli, hilo lilitushangaza kuliko televisheni yenyewe. Wazungu walikuwa wageni wake, wakisubiri awaite majina. Bibi yangu alikaa wima kila yule bwana alipotokea, utadhani ni mwanawe anahitimu.

Kila Jumapili baada ya ibada tulijaa sebuleni, sato wakikaangwa uani, sisi watoto tukitafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Tatizo lilikuwa Kiingereza. Nilikuwa darasa la sita, msichana wa kwanza katika somo hilo, basi nikawekwa kwenye kigoda mbele kabisa. Bibi akiuliza, "Amesemaje?" mimi najibu. Sikuelewa hata nusu, nilibuni tu. Mchekeshaji akivaa gauni na kubinua mdomo, nilisema anamfokea mwanamke aliyeruka foleni ya bomba. Watu walicheka mpaka machozi. Nilikuwa hodari, wacha nijisifu.

Jumapili moja akaja mgeni wa jirani, mwalimu wa Kiingereza kutoka Butimba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi nyuma yangu. Kigoda nilikuwa tayari kukiacha. Nilichoogopa ni aibu ya bibi, aliyekwisha kutangaza kanisani kwamba mjukuu wake anakiongea Kiingereza kama maji.

"Amesemaje?" bibi akauliza.

Nikajibu kwa sauti ndogo, kitu kuhusu bei ya dagaa. Mwalimu akakohoa.

"Mama, samahani," akamwambia bibi, "huyu mtoto..."

"Mwalimu," bibi akamkatiza taratibu, "kanda ni hiyo hiyo moja, na kila Jumapili huyo bwana anasema mapya. Unadhani sijui? Mwache atusimulie." Kisha akanigeukia. "Haya mjukuu wangu, amesemaje?"

Mwalimu alicheka kuliko wote siku ile. Nami nilitafsiri kwa raha ambayo sijawahi kuipata tena, hata sasa ninapolipwa kwa kazi hiyo hiyo.

Bibi ametutoka, na jirani alihamia Usagara. Mwaka jana nilikipata kile kipindi, nikakitazama chote. Sasa naelewa kila neno. Yule bwana alikuwa mchekeshaji kweli, ametuzidi mimi na dagaa zangu. Nilicheka sana, peke yangu kwenye kochi, na hakuna aliyeniuliza amesemaje.