Posho Mbili, Mlango Mmoja

Marlys Dreiling alizaliwa kwenye shamba la ngano magharibi ya Kansas, katika ukoo wa Wajerumani waliofika huko kwa kupitia Urusi, na kabla hajamaliza shule alikuwa ameshafungua na kufunga injini za matrekta yote ya baba yake. Jeshi lilipomchukua halikuwa na mengi ya kumfundisha. Lilimpa ovaroli, likamweka karakanani, na baada ya miaka michache likampa usajenti na kundi la vijana wa kuwasimamia. Hakuwa mwongeaji. Akiudhika alinyamaza, na vijana wake walijifunza kuuogopa ule ukimya kuliko matusi ya masajenti wengine.

Otis Pettway alikuwa sajenti wa jikoni, Mmarekani mweusi wa Alabama, mrefu, mcheshi, mtu wa kuimba huku akikoroga sufuria. Walijuana porini wakati wa mazoezi, jiko la kikosi lilipogoma kuwaka. Marlys alilitengeneza, Otis akamwekea sahani kando, na tangu siku hiyo sahani ikawa inawekwa kando kila siku. Baba yake Marlys alichukua muda kumzoea mkwe huyo. Alimzoea kabisa siku alipoonja mchuzi wake. Padri wa kambi aliwafungisha ndoa, wakapanga nyumba mjini, kila mmoja na posho yake ya nyumba kwenye mshahara, na hakuna mtu aliyewauliza kitu.

Mambo yalibadilika alipozaliwa binti yao, Delphia. Gwaride la alfajiri halimsubiri mtoto amalize kunyonya. Nyumba yao ilikuwa mbali na lango la kambi, na siku za baridi barabara ilikuwa inaganda mpaka gari linakwenda ubavuubavu. Waliomba nyumba ya familia ndani ya kambi, wakakaa kwenye foleni, na zamu yao ilipofika wakaenda ofisi ya makazi wamembeba mtoto. Karani alikuwa mama wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba shingoni.

"Mkiingia nyumba ya serikali, posho inakatwa," aliwaambia. "Ndiyo kodi yenyewe."

"Hilo tunalijua," Otis alisema. "Ya nani?"

"Zote mbili."

Marlys aliinua uso. "Na jirani tutakayegawana naye nyumba, wa upande wa pili wa ukuta, yeye anakatwa ngapi?"

"Moja. Hiyo moja ndiyo aliyo nayo, Sajenti. Mkewe si mwanajeshi."

"Nyumba zenyewe ziko sawa?"

"Hazina tofauti hata ya msumari." Karani alimchungulia mtoto kwenye blanketi. "Sheria sikuitunga mimi, mwanangu. Hata mimi naletewa tu."

Walitia saini, kwa kuwa mtoto alikuwa mdogo na majira ya baridi yalikuwa yanakuja.

Nyumba yao ilikuwa moja ndefu ya matofali, imekatwa katikati kwa ukuta. Upande wa pili aliishi Sajenti Roy Ybarra wa kikosi cha vifaru, na mkewe Nelda, na watoto wao watatu. Wote wawili walikuwa watu wa kusini kabisa ya Texas, karibu na mpaka, na nyumbani waliongea Kihispania. Siku ile ile ya kuhamia, kabla kitanda hakijafungwa, Nelda alibisha hodi na chapati za moto zimefungwa kwenye kitambaa, akauliza swali moja la maana.

"Huyu mtoto mtamwacha na nani?"

"Bado tunatafuta," Marlys alijibu.

"Basi acheni kutafuta. Mimi nipo nyumbani, na mmoja zaidi hataniongezea kelele, nimeshajaa."

Wakamlipa kwa juma, na Delphia akakulia katikati ya nyumba mbili. Alfajiri alipelekwa kwa mlango wa nyuma akiwa bado amelala. Jioni alichukuliwa mdomo una maharage. Wanaume nao walipatana. Roy alikuwa na mdomo. Habari ya posho zile mbili ilipomfikia, akaifanya kuwa utani wake wa kudumu. Mtambo wa kupasha nyumba joto kwa maji ya moto ulipoharibika, na maji yakajaa chumba cha chini pande zote mbili, yeye na Otis walikuwa wamesimama humo na mabuti, wanachota kwa ndoo.

"Kaka, wewe unalipa mara mbili," Roy alimwambia. "Chota mara mbili."

"Mimi nachota ya kwangu," Otis alisema. "Ya mke wangu itakuja kuchotwa na Rais."

Walicheka, na maji yakaisha. Lakini mtambo uliharibika tena, na tena, na Marlys, aliyekuwa amekwisha kuufungua mara mbili kwa spana zake mwenyewe, alianza kunyamaza kule kunyamaza kwake.

Kanali aliyesimamia makazi aliwaita wakazi kwenye ukumbi wa sinema wa kambi, wasikilizwe. Watu walisema habari za mabomba, taka, na mbwa. Halafu Marlys, ambaye hakuwa amewahi kusema mbele ya watu isipokuwa kutoa amri, alinyoosha mkono.

"Afande, mimi na mume wangu tumekatwa posho mbili kwa nyumba moja. Wa upande wa pili wa ukuta wamekatwa moja. Maji yanayoingia ni yale yale. Naomba kujua tunacholipia zaidi."

Kanali alitabasamu kwa adabu. "Sajenti, nyinyi mna mishahara miwili. Familia nyingi humu zina mmoja."

Watu wakacheka kidogo, na nyuma kukatoka sauti, "Mwambie, afande."

"Mishahara miwili ni ya kazi mbili, afande," Marlys alisema. "Mimi nimeuliza habari ya nyumba moja."

Kanali alisema hiyo ni sheria ya Washington na si yake, ila amemsikia. Akampa nafasi mwenye habari ya mbwa.

Jioni Marlys alipokwenda kumchukua mtoto, Nelda alikuwa anakunja nguo mezani na hakumkaribisha kiti.

"Nimesikia umesema mbele ya kanali."

"Nimesema."

"Umesema wa upande wa pili wa ukuta wanalipa nusu yako. Wa upande wa pili wa ukuta ni nani, Marlys? Si mimi?"

"Sikukukusudia wewe."

"Najua hukunikusudia. Ndicho kinachoniuma." Nelda alikung'uta shati la mwanawe. "Nilikuwa karani wa benki kwetu, mimi. Kiti changu, dirisha langu. Roy akahamishwa. Kule Louisiana nikapata kazi shuleni, nikaizoea, tukahamishwa. Kila ninakokwenda kuomba kazi wananiuliza, mumeo ni askari? Nikisema ndiyo, wanajua sikai, wanaweka karatasi yangu kando. Wewe una mshahara, una cheo, na pensheni inakusubiri. Mimi nina posho ya Roy, na hiyo yenyewe siioni, imeliwa na nyumba."

"Na yangu imeliwa na nyumba hiyo hiyo. Pamoja na ya Otis."

"Lakini mkitoka nje ya lango mnalipwa zote mbili. Mimi nikitoka, nalipwa nini?"

Marlys alimwinua Delphia, akamweka begani. "Mimi nimekula kiapo, Nelda. Nalala kwenye tope kama Roy anavyolala. Ningekuwa sijaolewa, ningekuwa na mahali pangu kwa posho yangu. Kwa nini nikiolewa na askari mwenzangu kazi yangu ihesabiwe kama nyongeza ya mume?"

Nelda alivuta shati jingine. Aliendelea kukunja, na Marlys akatoka kwa mlango wa nyuma.

Hawakugombana. Mtoto aliendelea kupelekwa na kuchukuliwa, malipo yaliendelea, salamu zilitolewa. Ila chapati za kufungwa kwenye kitambaa zilikoma, na Marlys, aliyekuwa na desturi ya kuoka vile vibumunda vya kabichi na nyama vya kwao na kupeleka sinia zima kule ng'ambo, akawa anaoka vya kuwatosha wao tu. Otis aliliona hilo akalisema.

"Nenda ukamwombe radhi."

"Radhi ya nini? Nilisema uongo?"

"Hukusema uongo. Ndiyo maana nasema uende."

Hakwenda. Badala yake walinunua nyumba mjini, ndogo, ya mbao, kwa mkopo wa benki, wakarudisha funguo za serikali. Mwezi uliofuata posho zilirudi zote mbili: moja ya mwenye familia, nyingine ya mtu anayehesabiwa kuwa hana familia, ingawa alikuwa analala na familia hiyo. Roy alikuja na gari lake kuwasaidia kubeba friji.

"Sasa nyinyi ndio matajiri," alisema wakiwa ngazini. "Mnalipwa nyumba mbili, mnalala kitanda kimoja."

"Ungejua zilivyo chache siku ambazo wote tunakuwa kitandani humo," Otis alisema, "ungetuchangia."

Roy alicheka mpaka wakaiweka friji chini. Nelda alikuwa amesimama kwenye ngazi ya upande wake, na aliinua mkono wakati gari linaondoka.

Delphia alipelekwa kwa mlezi mwingine, karibu na nyumba mpya. Karibu mwaka ukapita. Kisha Iraki ikaingia Kuwait, na kabla majira ya baridi hayajakaza kikosi chote kikapewa amri ya kwenda jangwani: vifaru, karakana, na majiko. Roy alikuwa kwenye orodha. Otis alikuwa kwenye orodha. Marlys pia.

Jeshi halimwachii mtu nafasi ya kubaki kwa kuwa ana mtoto. Linamtaka ataje atakayemlea. Mama yake Marlys alikuwa amekufa, baba yake alikuwa peke yake na shamba, na mama yake Otis alikuwa hajiwezi miguu. Yule mlezi mpya alisema kwa mchana sawa, lakini si kwa miezi. Marlys aliendesha gari hadi kambini Jumamosi asubuhi, akabisha kwenye mlango wa mbele.

Nelda alifungua, akamtazama, akamwelekeza kiti.

"Roy anaondoka," Nelda alisema.

"Najua. Na sisi. Wote wawili."

"Nilisikia. Nilikuwa najiuliza utakuja lini." Alimmiminia kahawa. "Kwa hiyo nitakuwa na wanne."

"Kama ukikubali."

"Nitamkataaje? Huyo mtoto nimemfundisha kula mimi." Alikaa. "Na nyumba yenu?"

"Itafungwa. Posho zitaendelea kuingia, hata kama hakuna anayelala humo. Ya Otis italipa benki. Yangu nimeagiza iingie kwako kila mwezi, yote."

Nelda aliweka kikombe chini. "Unanilipa kwa yale maneno niliyokwambia?"

"Nakulipa kwa sababu ni kazi."

"Yote ni nyingi."

"Sikukuuliza kama ni nyingi."

Nelda alitikisa kichwa kama mtu aliyeshindwa bei sokoni. "Wewe mwanamke una roho ngumu kama zile injini zako. Anapenda nini siku hizi? Bado anakataa karoti?"

Wakaongea habari za karoti, homa, na usingizi, mpaka kahawa ikaisha.

Vita vyenyewe, kwa Marlys, vilikuwa mchanga. Mchanga kwenye vichujio, mchanga kwenye mafuta, mchanga kwenye meno. Otis alikuwa umbali wa saa chache, na walionana mara mbili, mara moja wakiwa wamesimama na sahani mkononi. Roy alirudi na sikio moja lisilosikia vizuri. Marlys na Otis walirudi wazima, majira ya kuchipua yalipokuwa yanakwisha.

Delphia alikuwa amerefuka, na Kihispania cha jikoni alikuwa anakijua. Alipomwona mama yake alijificha nyuma ya Nelda, akashika sketi. Nelda hakumsukuma wala hakumvuta. "Mpe muda," alisema tu. Marlys alikaa sakafuni, kwenye kapeti, na magwanda yake, mpaka mtoto akaja mwenyewe kuchezea vifungo. Usiku wa kwanza nyumbani Delphia alilia akiwataka wenzake wa kule, na Otis akambeba huku na huku akimwimbia. Marlys alisikiliza kutoka chumbani na hakulala.

Mwaka uliofuata jeshi lilianza kupunguza watu, likawa linawapa kiinua mgongo wanaokubali kuondoka. Walizungumza kwa majuma. Mmoja wao alipaswa kuwa pale mtoto anapoamka, hilo walikubaliana. Otis ndiye aliyevua magwanda, kwa sababu cheo cha Marlys kilikuwa kinapanda na chake kimesimama. Marlys akahamishiwa Georgia, wakauza nyumba ya mbao, wakafungasha.

Huko walipewa nyumba ndani ya kambi, ikakatwa posho moja. Otis alikwenda kliniki na mtoto, na askari wa dirishani akamwomba kadi yake.

"Wewe ni mtegemezi wa nani?" askari aliuliza.

"Wa mke wangu," Otis alisema.

Kijana alimtazama bega hadi bega, akaandika. Otis aliisimulia habari hiyo kama kichekesho kwenye chakula, lakini alipoomba kazi ya upishi katika hoteli moja mjini, na meneja akauliza watakaa hapo muda gani, hakuisimulia kama kichekesho. Marlys alimpigia simu Nelda, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Kentucky, akampa habari zote.

"Analalamika?" Nelda aliuliza.

"Sana."

"Mwache. Mwambie aanze kwenye jiko la shule, huko hawaulizi utakaa miaka mingapi. Na Delphia?"

"Anataka kujua mtakuja lini."

"Mwambie Roy akipata likizo."

Otis alianza kwenye jiko la shule. Marlys alibaki jeshini mpaka akapata pensheni yake, akaongezewa vyeo viwili. Vijana wa karakanani walipobishana habari ya posho za askari walioana wenyewe kwa wenyewe, nani anaonewa na nani anapendelewa, mara nyingi walimgeukia wapate neno lake, na yeye alikuwa anawauliza kwanza mke au mume wa kila mmoja anafanya kazi gani. Kisha, bila kusema nani ana haki, aliwataka wamwekee taa karibu, akarudi chini ya gari.