Dada Niliyemwandika Kwenye Orodha ya Marehemu

Dada yangu nilimuua kwa kalamu ya bluu. Mwenyewe wala hakujua, yuko zake Kwaluguru, kule Handeni, anapalilia mahindi, mzima kabisa.

Kisa ni cherehani ya marehemu mama. Dada aliibeba akaenda nayo kwake Handeni bila hata kuniuliza, nami nikaapa: kwangu huyo amekufa. Miaka miwili sikupokea simu yake. Mimi nikikasirika, nimekasirika. Basi ikafika Novemba, sisi Wakatoliki tunapeleka kanisani majina ya marehemu wetu waombewe. Nikaandika baba, nikaandika mama, na kwa hasira zangu nikamwongeza na yeye. Nilidhani karatasi zinakaa tu kwenye kikapu mbele ya altare. Kumbe mwaka ule katekista kaamua kuzisoma zote, tena kwa kipaza sauti!

Mchana ule ule Kwamndolwa yetu yote ikahamia uani kwangu. Bibi jirani, Mwislamu, ndiye aliyetandika mikeka. Akina mama wa jumuiya wakaja na kuni na sukari. "Pole jamani, mbona hukusema?" Ningesema nini? Walipoanza kulia, nami nikalia. Nilipowaambia ukweli, waliondoka na sukari yao.

Kesho yake nikaenda kuungama uongo. Padre aliposikia kisa akakohoa sana. Najua alikuwa anacheka. Kisha akasema hiyo ni amri ya tano.

"Usiue? Padre, mimi hata kuku namwita jirani anichinjie!"

"Kuua kunaanza na chuki, mama. Huyo umemzika miaka miwili. Nenda kamwombe radhi, ndipo uje upokee komunyo."

Nilikwenda huku nawaza. Akinifukuza, basi sina tena ndugu duniani. Na habari zilishanitangulia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu kwa marehemu."

Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Akanitazama weee.

"Msibani kwangu watu walikuja?"

"Walijaa."

"Na wewe, ulinililia?"

"Nililia, dada. Nilijua u mzima, lakini nililia nikashindwa kunyamaza. Baba hayupo, mama hayupo. Nimebaki na nani?"

Akanyanyua mkono, nikafumba macho nikingoja kofi. Akanifuta kamasi kwa kanga yake.