Springi Tatu za Pedeli ya Mafuta

Siku gari langu lilipokata mnyororo wa mbele wa pantoni na magurudumu mawili yakabaki yananing'inia juu ya Mto Kilombero, baba alikuwa ameketi kando yangu, fimbo yake katikati ya magoti. Hakupiga kelele. Alisubiri vijana wa kivuko walivute gari nyuma kwa kamba, akashuka, akaniambia, "Gari halirukiruki lenyewe. Ni mguu wako."

Baba alikuwa ameendesha malori kati ya Mahenge na Ifakara kwa zaidi ya miaka thelathini. Kauli kama hiyo kutoka kwake haikuwa ya kupita. Niliirudia kichwani wiki nzima, kwa sababu haikuwa kweli, au haikuwa kweli yote.

Gari lilikuwa la spoti, viti viwili na paa la turubai, la zamani kuliko ndoa yangu. Nililinunua katikati ya miaka ya tisini kwa mtaalamu wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Walimu wenzangu walicheka sana: mtu wa jiografia, barabara zenyewe hizi, gari la kukaa chini namna hiyo. Sikuwajali. Kilichonitesa ni pedeli ya mafuta. Unaikanyaga, haiendi. Unaongeza nguvu, haiendi. Unaongeza kidogo tena, inaachia ghafla na gari linaruka. Barabarani unaweza kuzoea. Kivukoni, ambako gari hupanda taratibu juu ya bamba la chuma, huwezi.

Nililipeleka kwa fundi wa kwanza. Akasema springi ya kurudisha pedeli imechoka, akaongeza nyingine ya pikipiki. Wa pili akasema waya unaotoka kwenye pedeli kwenda injini umekauka, akaushindilia grisi na kuongeza springi aliyoitoa kwenye kiti cha baiskeli. Wa tatu hakunisubiri nimalize kueleza. Akaongeza grisi juu ya grisi. Nilipolalamika kwamba pedeli imekuwa nzito, aliwatazama wenzake kwanza.

"Mwalimu, pedeli nzito ndiyo salama," akasema. "Inakuzuia mbio za uzeeni."

Gereji nzima ikacheka. Nikarudi nyumbani na msuli wa mguu unauma kama niliyeshinda nikipampu maji.

Hakuna aliyeniuliza gari linalala wapi. Lililala kwenye banda la shemeji yangu la mashine ya kukoboa mpunga, kwa kuwa ndilo lililokuwa na sakafu ya saruji na kufuli la maana. Wakati wa mavuno, banda lile huwa ukungu wa vumbi la pumba tangu asubuhi. Sisi tuliokulia huku hatulioni tena. Liko kwenye kope, liko kwenye chai.

Baada ya mkasa wa pantoni niliufungua waya mwenyewe na kuumiminia mafuta ya taa ndani ya ala yake, mrija unaoufunika. Ukatoka uji wa kahawia: grisi na vumbi la pumba, vimesagana. Kila fundi aliyeongeza grisi alilipatia vumbi mahali pa kunata. Kila aliyeongeza springi alinifanya nikanyage kwa nguvu zaidi, ili waya ukiachia, uachie kwa kishindo. Nilisafisha mpaka mafuta ya taa yakatoka meupe. Nikanyoosha mahali ambapo ala ilikuwa imepinda, nikang'oa springi zote tatu, nikarudisha ile moja ya asili. Grisi sikugusa. Pedeli ikaanza kufuata unyayo, hata ukisogeza kidole gumba tu. Gari nikalihamishia nyumbani.

Springi mbili za kuongezwa nikampelekea baba. Akazigeuza moja moja.

"Ulijua zimefungwa zote?"

"Nilijua, baba."

"Na ukapanda nazo kwenye pantoni."

"Mafundi walisema ziko sawa."

"Mimi sikupakiwa na mafundi."

Hata hivyo, siku yake ya kliniki ya mguu ilipofika, alikubali nimpeleke Ifakara. Kivukoni desturi ni abiria wote kushuka na kuingia kwa miguu, dereva abaki peke yake. Wazee wenye miguu mibovu huachwa ndani. Msimamizi alitukumbuka. Mimi aliniuliza leo afunge minyororo mingapi. Kisha akamgeukia baba, akamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Wewe kaa tu humo humo."

Baba alikuwa ameshafungua mlango. Alitembea na fimbo yake polepole, foleni yote ikisubiri. Kama alishuka kwa desturi au kwa kutouamini mguu wangu, sikuweza kujua.

Nikapanda. Gari liliingia bila kutikisika, likasimama hatua moja kabla ya mnyororo. Nikamtafuta kwa macho. Alikuwa kwenye reli ya pembeni, amenipa mgongo, anatazama maji.

Tulipofika ng'ambo nilimuuliza kama ameona. Akasema foleni ya kliniki huwa ndefu, twende.