Plamu Zilizolala Mvuani

Takuma Shiotani, mtoto wa mwenye kiwanda cha plamu za chumvi, ndiye aliyeamuru plamu ziachwe wazi usiku ule. Mvua ikanyesha, plamu zikaharibika, lawama akabeba Wening, na Takuma akakaa kimya. Hilo ndilo kosa lililotendeka. Ni vizuri lisemwe mapema, maana pale Minabe, Japani, wapo wanaolisimulia kinyume mpaka leo, na wanalisimulia huku wakicheka.

Wening alitoka Java, Indonesia, kwenye vilima vya Wonosobo, kwa watu wa viazi na kabichi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipofika, na kazi haikumtisha. Wengine wakifika hulia miezi ya mwanzo. Yeye alinunua baiskeli kuukuu, akajifunza siku gani hutolewa taka za plastiki na siku gani za chupa, akajua duka lipi hushusha bei ya samaki jioni, basi, akawa mtu wa pale. Nyumbani aliishi na Atikah, msichana wa kwao, aliyefanya kazi upande wa kufungasha. Walipika wali mwingi na pilipili nyingi zaidi, wakaswali kwenye chumba cha nyuma ambako jua la asubuhi lilipita kwenye pazia la maua.

Kazi yake ilikuwa kuanika. Plamu huvunwa mwezi wa sita, zikalazwa kwenye mapipa ya chumvi, na mvua za masika ya huko zikiisha hutolewa na kupangwa juani kwenye trei za mbao, moja moja, zisigusane. Kila moja hugeuzwa kwa vidole. Ngozi ikichanika, plamu hiyo imeshuka daraja, inaenda kwenye pipa la bei rahisi. Za Wening hazikuchanika. Alizigeuza kama mtu anayemgeuza mtoto mchanga asiamke, na alifanya haraka, huku akizungumza.

Mwenzake pale uwanjani alikuwa Obata, mama wa makamo aliyefanya kazi kiwandani hapo tangu hajaolewa. Mchana walikaa kivulini na vyakula vyao.

"Hiyo pilipili itakutoboa tumbo," Obata alimwambia.

"Na hiyo chumvi yenu itakupandisha presha, Obata-san," Wening akajibu, akitia ile "san" ya heshima ya huko.

"Presha yangu ilipanda siku niliyoolewa. Chumvi haina kosa."

Mzee Shiotani, mwenye kiwanda, alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini mwaka wa pili wa Wening alisimama nyuma yake, akamtazama anavyogeuza, akasema, "Mwaka ujao uwanja huu utausimamia wewe." Akaondoka. Wening hakulala vizuri kwa furaha. Mgeni hakuwahi kupewa uwanja pale. Wageni walipewa kubeba na kuosha. Alimpigia mama yake simu, na mama akawaambia majirani kabla hata simu haijapoa.

Hicho ndicho alichokuwa nacho mkononi. Sasa sikia kilivyomtoka.

Mwaka huohuo mzee aliumwa kiuno, akamwachia Takuma kuamua mambo ya uwanjani. Takuma alikuwa na miaka thelathini na kidogo, mwenye sauti laini, mwepesi kuwanunulia wafanyakazi vinywaji baridi. Si mtu mbaya, watu husema. Watu husema hivyo juu ya kila mwanamume anayenunua vinywaji.

Plamu za daraja la juu, zile za kuwekwa kwenye masanduku ya zawadi, haziishii kuona jua tu. Usiku mmoja au miwili huachwa bila turubai ili umande uzilainishe ngozi. Usiku gani, hilo huamuliwa na mtu mmoja, na amri yake haijadiliwi.

Jioni ile Wening alikuwa ameshaanza kuvuta turubai. Takuma akaja ameshika funguo za gari.

"Wening-san, acha. Leo zipate umande."

"Zote?"

"Zote."

"Hata za upande wa mlimani?"

"Nimesema zote. Nenda ukapumzike, umefanya kazi sana leo."

Obata alikuwa hatua chache kutoka pale, anakunja aproni yake. Alisikia.

Mvua ilikuja kabla ya mapambazuko, ikapiga kwa nguvu, ikaenda zake. Wening alipofika na baiskeli jua lilikuwa linawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Plamu zilikuwa zimevimba, zimepauka, chumvi imeoshwa. Plamu ya namna hiyo haiwekwi kwenye sanduku la zawadi. Husagwa. Mwaka mzima wa kazi unageuka uji wa kupakwa kwenye wali.

Sasa, pale kila asubuhi watu hupanga mistari mbele ya ghala. Hunyoosha viungo kwa kufuata mazoezi ya redioni, kisha mzee husema ya siku. Na pale kuna mwenendo ambao Wening aliujua vizuri, kwa sababu aliuona kwa macho yake. Msimu wa baridi uliopita Obata aliangusha pipa la maji ya chumvi. Alitoka mstarini, akainama, akaomba radhi. Hakujitetea hata kidogo, maana kujitetea pale ni aibu kuliko kosa. Kabla hajainuka, mzee Shiotani akaja kusimama ubavuni kwake, akainama naye, akasema, "Kosa ni langu. Nilimpa mzigo mzito peke yake." Wening alilipenda jambo hilo kuliko yote aliyoyaona Japani. Mdogo anatangulia kuinama, mkubwa anakuja kumfunika. Akaona ni mwenendo wa watu waungwana.

Kwa hiyo mzee, akiwa ameegemea fimbo, alipouliza nani aliuacha uwanja wazi, Wening hakungoja. Alitoka mstarini, akainama mpaka kiuno.

"Naomba radhi sana. Uwanja ulikuwa mikononi mwangu."

Akabaki ameinama, masikio yamesimama, akisubiri viatu vya Takuma vije ubavuni. Alikuwa na hakika kabisa. Aliona changarawe, akaona sisimizi amebeba punje, akaona vidole vyake vimeshika goti. Viatu havikuja. Alipoinua kichwa, Takuma alikuwa anarekebisha kofia yake.

"Basi," mzee akasema. "Siku nyingine uwe mwangalifu."

Hakuna aliyepiga kelele. Pale hawapigi kelele. Wanakupunguza taratibu. Kesho yake Wening alipangiwa kuosha trei, na uwanja alioahidiwa ukapewa mwingine, na kabla ya wiki kwisha viwanda vya jirani vilikuwa vinamjua kama yule Mwindonesia aliyezilaza plamu mvuani.

"Si ungesema tu?" Atikah alimuuliza wakiwa jikoni. "Ulikuwa na mdomo."

"Nilikuwa nimeshaomba radhi. Ukishaomba, ukaanza kueleza, unaonekana mwongo."

"Kwa hiyo ulitangulia kuinama ili yeye aje, naye akaona nafasi ya kupita."

"Hapo ndipo nilipokosea," Wening alisema. "Nilimpima kwa kipimo cha baba yake."

Obata naye alimfuata kwenye mabomba ya kuoshea, akasimama bila kumtazama.

"Nilimsikia jioni ile."

"Najua ulisikia. Mbona hukusema?"

"Kwa umri huu, na mume mgonjwa nyumbani, nikifukuzwa niende wapi?"

Wening alisugua trei mpaka mwisho ndipo akajibu. "Haya, Obata-san. Nimesikia." Hakumwekea kinyongo. Lakini chakula cha mchana alikula upande mwingine tangu siku hiyo, na Obata alijua kwa nini.

Takuma alikuja mwenyewe baadaye, ghala likiwa tupu. Alishika sanduku la keki za maharage, limefungwa vizuri kwa karatasi ya duka.

"Wening-san. Kwa usumbufu ulioupata."

"Usumbufu gani?"

Alicheka kidogo, akaliweka sanduku juu ya meza. "Unajua baba anataka kunikabidhi kiwanda. Wakati si mzuri. Halafu uliomba radhi vizuri sana, kila mtu aliguswa. Limekwisha."

"Kwako limekwisha. Ungependa nilile hili sanduku?"

"Ni zawadi tu."

"Basi uje nalo asubuhi, mbele ya mstari, useme ni la nini. Nitakula hapohapo."

Takuma akalichukua sanduku lake akaondoka nalo.

Wapo waliomshauri Wening aombe kuhamia kiwanda kingine. Alikataa. Akiondoka, alisema, hadithi yao itakuwa ya kweli. Aliosha trei msimu mzima, akaziosha zikang'aa, na kila asubuhi alisimama mstari wa mbele mahali ambapo Takuma hangeweza kuangalia mbele asimwone. Hakununa. Aliimba akiosha. Hilo lilimsumbua Takuma zaidi.

Masika yaliyofuata mzee alikabidhi kiwanda. Alikalishwa kwenye kiti mbele ya ghala, na Takuma akasema maneno mazuri juu ya kufanya kazi kama familia. Akamaliza kwa kuuliza kama kuna mwenye swali, jinsi watu wanavyouliza wasipotaka maswali.

Wening akanyoosha mkono.

"Takuma-san, naomba kujua ili tusikosee. Mwaka huu amri ya kufunika plamu itatoka kwa nani?"

"Kwangu."

"Na ya kuziacha wazi zipate umande?"

Mzee, pale kitini, aligeuza shingo polepole akamtazama mwanawe.

"Kwangu pia," Takuma akasema.

"Na mwaka jana ilitoka kwa nani?"

Takuma alitazama saa yake. Akasema muda umekwenda, watu waende kazini. Watu wakaenda, lakini waliondoka wakitazamana, na Obata alikuwa amejifunika mdomo kwa taulo, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kabla jua halijapanda mzee alimwita Wening, akamwelekeza uwanjani kwa fimbo yake. "Nenda kwenye trei zako," akasema.

Kwa hiyo uwanja ameupata. Sasa anausimamia, watu wanazigeuza kwa mtindo wake, na mama yake Wonosobo amewaambia majirani kwa mara ya pili. Hilo alilipa mzee, na lilikuwa deni la mwanawe.

La Takuma mwenyewe bado. Anadaiwa kutoka mstarini asubuhi, mbele ya watu walewale, baba yake akiwa hai na anasikia, ainame mpaka kiuno na aseme, "Mimi ndiye niliyesema ziachwe." Masanduku ya keki hayapokelewi.